Shabiki si Mhakiki: Upokezi wa Revenge of the Sith na Madai ya Umiliki

Filamu ya George Lucas iitwayo Revenge of the Sith ilipoingia katika majumba ya sinema tarehe 19 Mei 2005, ilikuwa na mzigo ambao kazi chache za sanaa hulazimika kuubeba. Msururu wa Star Wars ulianza kusimuliwa kutoka katikati mnamo 1977, ukaendelea 1980 na 1983, kisha kuanzia 1999 ukarejea nyuma ili kueleza, kwa vitangulizi vitatu, jinsi kijana Anakin Skywalker alivyogeuka kuwa Darth Vader, dhalimu wa barakoa nyeusi ambaye mtazamaji alikuwa amemjua kwa miaka 28. Kitangulizi hicho cha mwisho kilichuma zaidi ya dola milioni 800 duniani. Hata hivyo, wengi miongoni mwa waliokata tiketi ndio hao hao waliokishutumu: mwisho wake unajulikana, mgeuko wa Anakin ni wa ghafla mno, mazungumzo ya wahusika ni makavu. Miaka 20 baadaye, filamu hiyo hiyo iliporudishwa katika majumba ya sinema mwezi wa Aprili 2025, ilichuma dola zipatazo milioni 25 katika wikendi ya kwanza nchini Marekani na Kanada, na sifa zikamiminika palepale zilipokuwa zimemiminika lawama.

Wapo wahakiki, hasa waliolewa nadharia ya upokezi, wanaoyachukua mabadiliko haya kuwa ithibati kwamba kazi ya sanaa haina thamani yake yenyewe ila ile inayopewa na hadhira, na kwamba shabiki ndiye mhakiki wa kweli wa zama hizi. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Shabiki na mhakiki hawatofautiani kwa shahada wala kwa cheo. Wanatofautiana kwa swali wanalouliza. Mhakiki huuliza kazi inafanya nini, kwa mbinu zipi, na inafaulu kwa kiasi gani. Shabiki wa mwaka 2005 aliuliza kwa nini kazi aliyoiona haikuwa ile aliyokuwa ameitunga mwenyewe kichwani tangu utotoni. Swali la kwanza linahusu matini. Swali la pili ni dai la mali.

Shutuma ya kwanza ilihusu taharuki. Ilisemwa kwamba filamu ambayo mwisho wake unajulikana haina cha kumshikilia mtazamaji. Msomaji wa Kiswahili aliyeisoma Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles, hana haja ya kuelezwa udhaifu wa hoja hii. Hadhira ya Athens ilijua kisa cha Edipode kabla ya mwigizaji wa kwanza kufungua kinywa. Haikwenda kujua litakalotokea. Ilikwenda kushuhudia namna mtu anavyoyaendea maangamizi yake akidhani anayakimbia. Edipode anaihama Korintho asije akamwua babaye, naye anakutana na babaye njiani. Anakin anaota mkewe, Padmé, akifa katika uzazi. Anaapa kwamba ndoto hiyo haitatimia. Ndani ya jumba la opera Kansela Palpatine anamsimulia habari za Darth Plagueis, bingwa wa Sith aliyeweza kuwazuia awapendao wasife. Kwa kuitafuta elimu hiyo Anakin anawasaliti wenzake, anawaua watoto katika Hekalu la Jedi, na mwishowe anamkaba koo Padmé bila hata kumgusa. Kifo alichokikimbia ndicho anachokileta.

Katika msuko wa aina hii, maarifa ya mtazamaji ndiyo nyenzo ya mtunzi. Anakin na mwalimu wake Obi-Wan wanapoagana kwa upole kabla ya Obi-Wan kuelekea vitani, maneno yao ni ya kawaida kabisa. Ni mtazamaji peke yake ajuaye kwamba hawataonana tena wakiwa marafiki. Hicho ni kinaya cha kidrama katika sura yake iliyo wazi zaidi. Kumlaumu Lucas kwa sababu mwisho unajulikana ni kuilaumu tanzia kwa kuwa tanzia.

Shutuma ya pili ni nzito zaidi, nayo inastahili kujibiwa kwa matini. Ilidaiwa kwamba Anakin anageuka ghafla: jioni ni mlinzi wa Jamhuri, usiku ni mchinjaji wa watoto. Lakini ughafla huo ni wa kitendo, si wa tabia. Katika kitangulizi cha 2002, kufuatia kifo cha mamaye, Anakin aliwaua Tusken wa kambi nzima, wanawake kwa watoto, kisha akaungama kwa Padmé. Mwanzoni mwa filamu hii ya tatu anamkata kichwa Dooku, ambaye amekwisha kupoteza mikono yote miwili, kwa sababu tu Palpatine amemchochea. Baraza la Jedi linamkubali kama mjumbe lakini linamnyima cheo cha Bwana, kisha linamtuma ampeleleze Palpatine huyo huyo, mtu pekee anayemsifu. Yanapowadia mapambano ya Mace Windu na Palpatine, Anakin anaukata mkono wa Windu kama mtu aliyesukumwa. Ila msukumo huo umekuwa ukikusanya nguvu tangu filamu iliyotangulia. Makbeth naye ni shujaa mwaminifu anapokutana na wachawi, na kufikia mapema katika sehemu ya pili, kati ya sehemu tano za tamthilia, Duncan amekwisha kuuawa. Hakuna mhakiki makini anayemtuhumu Shakespeare kwa haraka. Husemwa kwamba utabiri uliiamsha tamaa iliyokuwa imelala. Kwa nini basi kipimo hicho kisitumiwe hapa?

Shutuma ya tatu, ya lugha, ina ukweli ndani yake. Mazungumzo ya mapenzi baina ya Anakin na Padmé ni mazito pasipo kina, na yeyote anayejaribu kuyatetea anajidanganya. Ila filamu si mchezo wa redio. Liko onyesho moja ambapo Anakin yuko katika ukumbi wa Baraza na Padmé yuko katika makazi yake, wote wakilitazama jiji wakati wa magharibi, kila mmoja akiwa kama anayemwona mwenziwe ng'ambo. Hakuna neno linalotamkwa. Upo muziki wa John Williams, machozi, na uamuzi unaoiva. Hapo ndipo uzito wa filamu nzima ulipo. Anayeipima kazi hii kwa mazungumzo yake tu amefunga macho na kutega masikio, kisha akalalamika kwamba haoni.

Kasoro iliyostahili kupigiwa kelele ni ya usawiri. Padmé aliyeletwa mwaka 1999 kama malkia anayeongoza vita, na mwaka 2002 kama seneta asiyeogopa, katika filamu ya 2005 amefungiwa ndani ya makazi yake, akingoja. Maonyesho yaliyomwonyesha pamoja na maseneta wenzake wakiasisi upinzani dhidi ya Palpatine yalipigwa picha, kisha yakakatwa, yakaja kutolewa pamoja na diski ya filamu. Katika matini iliyobaki anakufa baada ya kujifungua, na roboti ya tiba inaeleza kwamba amepoteza nia ya kuishi. Huu ni usaliti wa mhusika kwa mujibu wa vigezo ambavyo msururu wenyewe umeviweka. Wapo watazamaji walioliona hili na kulisema, nao, kwa kulisema, walikuwa wanahakiki, kwa maana walilishikilia neno la kazi yenyewe na kuidai itimize kilichoahidiwa na kurasa zake. Hapo ndipo shabiki anapoweza kuuvuka mpaka.

Kelele za utoto uliovunjwa moyo zilifunika jambo jingine pia. Ilipoonyeshwa Cannes mnamo Mei 2005, Lucas alieleza kwamba chimbuko la hadithi yake ni enzi za Vita vya Vietnam, na swali la jinsi demokrasia inavyojigeuza kuwa udikteta. Palpatine haiteki Jamhuri kwa mapinduzi. Anapewa mamlaka na Seneti, hatua kwa hatua, kwa kisingizio cha vita ambavyo mwenyewe ndiye anayevichochea pande zote mbili. Anapotangaza himaya, ukumbi unalipuka kwa shangwe, na Padmé anatanabahi kwamba hivyo ndivyo uhuru unavyozikwa, kwa makofi. Baadhi ya Wamarekani wa mrengo wa kulia waliitaka filamu isusiwe, wakidai inamsema Rais Bush. Hata kama walikosea kuipunguza hoja ikawa ya mtu mmoja, angalau waliisikia ikisema kitu. Shabiki aliyekuwa anapima kama Vader wa 2005 anafanana na Vader wa utoto wake hakusikia hata hilo.

Ni haki kuuliza dai hili la umiliki lilitoka wapi, maana halikuzuka bila sababu. Mnamo 1988 Lucas alisimama mbele ya Bunge la Marekani kupinga watu wanaozibadilisha filamu za zamani, akishikilia kwamba kazi za sanaa ni urithi wa umma. Mwaka 1997 yeye mwenyewe alizitoa upya filamu zake tatu za kwanza akiwa amezibadilisha, na mwaka 2004 akaiondoa sura ya Sebastian Shaw mwishoni mwa Return of the Jedi na kuiweka ya Hayden Christensen. Mashabiki waliokasirika walikuwa na hoja nzuri, tena waliichota kinywani mwa Lucas. Kazi iliyokwisha kutolewa imeingia katika kumbukumbu ya jamii, na hadhira ina haki ya kudai ihifadhiwe kama ilivyotoka.

Lakini haki hiyo ina mpaka. Hadhira ina haki juu ya matini iliyopo. Haina haki juu ya matini ambayo haijaandikwa. Inaweza kumwambia mtunzi asiifute sura ya Shaw. Haiwezi kumwambia ni Vader yupi amuumbe. Mashabiki wa 2005 walilidai dai la pili kwa kutumia jina la lile la kwanza, na walipokataliwa walijiona wameibiwa. Mwamba ngoma huivutia ngozi kwake. Wao waliivuta hata ngoma ambayo haikuwa yao kuiwamba.

Madhara ya mchanganyiko huu hayakuishia katika ubishi. Anayejiona ameibiwa humtafuta mwizi, na aliye karibu ni mwigizaji. Ahmed Best, aliyemwigiza Jar Jar Binks mwaka 1999, alieleza hadharani mwaka 2018 kwamba chuki aliyomiminiwa ilimfikisha ukingoni mwa kujitoa uhai. Christensen alipewa tuzo ya dhihaka ya Razzie kwa uigizaji wake katika kitangulizi hiki cha mwisho, kana kwamba yeye ndiye aliyeyaandika maneno aliyopewa kuyatamka. Aliporejea katika mfululizo wa Obi-Wan Kenobi mwaka 2022, alipokewa kwa shangwe. Uigizaji wake wa 2005 haukuwa umebadilika hata chembe.

Swali linalobaki ni hili: ni nini basi kilichobadilika? Aliyekuwa mtoto mwaka 1977 aliihukumu filamu kwa sababu haikuwa utoto wake. Aliyekuwa mtoto mwaka 2005 anaisifu kwa sababu ndiyo utoto wake. Hata mistari iliyochekwa kwa ukavu sasa inakaririwa kwa mapenzi, bila mtu kuonyesha kwamba ukavu umepungua. Sifa na lawama zimetumia mizani ile ile, na mizani hiyo haijawahi kuipima filamu.

Wanaomtaja Hans Robert Jauss kuutetea utaratibu huu wanamsoma nusu. Katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, Jauss hakusema kwamba matarajio ya hadhira ndiyo sheria. Alisema kwamba umbali baina ya upeo wa matarajio na kazi ndio unaosaidia kuonyesha thamani ya kazi kiujumi, na kwamba kazi inayotimiza matarajio yote bila kudai mabadiliko yoyote hukaribia kuwa kiburudisho tu. Kwa mujibu wake, basi, hasira ya shabiki ni mahali pa kuanzia uchunguzi. Mhakiki anayeiandika hasira hiyo, akaihesabu, kisha akaiita hukumu, ameacha kazi yake. Wanafunzi wanaofundishwa hivyo watajua watu walisema nini kuhusu Anakin Skywalker, wasijue Anakin alifanya nini, wala kwa nini Seneti ilipiga makofi.