Ndoo si ya kutekea maji pekee

Hebu niambie ungefanyaje. Nyanya ameketi kwenye daka la nyumba yake hapa Amu, jua la saa nane linachoma, anamwita mjukuu wa miaka sita aliyekuwa akicheza nje: "Ndoo unwe mai." Mtoto anaangua kicheko. "Nyanya, si ndoo, ni njoo! Ndoo ni ya kutekea maji!"

Huyo mtoto ni wa kaka yangu, na nyanya ni mamangu mzazi. Sote tulicheka, hata mimi. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo akimtaka mjukuu wake anamwita kwa mkono.

Najua unachowaza. Kiswahili kinaongewa kuanzia hapa hadi Kongo, kitakufaje? Hakifi. Kinachopotea ni Kiamu, pamoja na ndugu zake wa visiwa vya jirani, yaani Kipate, Kisiu na Kitikuu. Na hakiuawi na Kiingereza, kinauawa na Kiswahili chenyewe.

Mimi niliacha chuo muhula wa tatu, kwa hivyo mhadhara sina. Lakini sikiza mwenyewe: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Macho ni mato, mchele ni mtele, nchi ni nti. Moja ni moya, kuja ni kuya. Umeona? Si makosa ya watu wasiosoma. Kuna mpango hapo, tena ule ule kila mara. Ila mwalimu wangu wa shule ya msingi alipoona "mato" kwenye insha yangu alipiga kalamu nyekundu, akanisomea mbele ya darasa. Kuanzia hapo nikawa na Kiswahili cha shule na Kiswahili cha nyumbani, na cha nyumbani nikakionea haya. Nilipohamia Mombasa nikakizika kabisa, manake nani anataka kuitwa mshamba?

Na cha kuchekesha, uamuzi ulifanyika huko huko Mombasa. Mwaka 1928 wakoloni walikutana wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 wakaunda kamati ya kukisimamia. Sawa, vitabu vilihitaji lugha moja. Lakini Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858, hakungoja kamati. Alitunga kwa lugha ya huku. Wanafunzi wanamsoma hadi leo, wakikutana na maneno yale yale ya mamangu, na hapo yanaitwa ushairi. Akiyasema mama barazani, ni kosa.

Mji wetu wa kale uliingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mlango wa nakshi una wa kuutetea. Siku za tamasha tunavaa kanzu, tunashindanisha punda na majahazi, watalii wanapiga picha. Halafu jioni tunaongea na watoto wetu kama wasomaji wa taarifa ya habari. Huko Saterland, Ujerumani, kuna watu kama elfu mbili hivi wanaoongea Kifrisia chao, na vibao vya majina ya vijiji vimeandikwa kwa lugha mbili. Sisi hata meseji tunaona aibu kuandika kwa Kiamu.

Usiniambie tungoje serikali. Katiba ya 2010 inasema lugha za Wakenya zilindwe, lakini ukiuliza mtoto wa Amu afundishwe lugha gani ya nyumbani, jibu ni Kiswahili, na Kiswahili maana yake ni kile cha kitabuni. Basi limebaki la wewe na mimi, na simu zetu hizi.

Nimeanza kumtumia mtoto wa kaka yangu ujumbe wa sauti kwa Kiamu, neno moja kila siku. Mwanzoni alicheka. Juzi akaniuliza mwenyewe: "Ami, jiwe nyanya huliitaje?"

Nalijua. Nikamwambia silijui, aende akamuulize.