Si Kila Msiba Ni Kazi ya Mungu

Alfajiri ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, wanafunzi Wakristo wa Chuo Kikuu cha Garissa walikuwa wameamka mapema kusali pamoja. Wapiganaji wanne wa Al-Shabaab walipovamia chuo, wanafunzi hao waliokuwa kwenye maombi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Huko mabwenini, wauaji waliwatenga Waislamu na Wakristo. Mpaka mashambulizi yanakoma jioni, watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wanafunzi.

Katika matanga ya Kenya kuna maneno ambayo hayakosi: kazi ya Mungu haina makosa. Husemwa kwa mapenzi, na wengi wamepata nguvu ndani yake. Hata hivyo toleo hili linayapinga, kwa vifo vya namna hii. Walioshika bunduki walikuwa watu. Waliowasaidia walikuwa watu pia, na Julai 2019 mahakama jijini Nairobi iliwahukumu watatu: mmoja kifungo cha maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Kuiita damu ile kazi ya Mungu ni kumtua muuaji mzigo wake na kumtwika Mungu. Ni kumnyamazisha pia mzazi anayeuliza kwa nini kikosi maalumu kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi.

Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alifundisha kwamba uovu haukuumbwa na Mungu. Ni upungufu wa wema, nao huingia pale kiumbe huru anapompa Mungu kisogo. Kwa Garissa ya 2015 fundisho hilo lina uzito. Lakini mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mizoga ya mifugo ikatapakaa Garissa, Wajir na Mandera, ni hiari ya nani iliyowaua ngamia wa mfugaji? Mwaka 2023 mvua ikaja, ikaja kama mafuriko.

Wengine hufuata njia ya Ireneo, mwalimu wa kanisa la kale, ambayo mwanafalsafa John Hick aliiendeleza katika kitabu chake cha 1966: dunia ni mahali pa kukomazwa roho. Aliyenusurika anaweza kuyasema hayo juu ya maisha yake mwenyewe, na asikilizwe. Mwingine asimsemee. Na kijana aliyeuawa akiwa mwaka wa kwanza chuoni alipewa muda gani wa kukomaa?

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anapelekewa habari inayofanana na ya Garissa kuliko msomaji anavyotarajia: Wagalilaya wameuawa na Pilato wakati wakitoa sadaka. Anakataa kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wenzao. Kisha yeye mwenyewe anaongeza watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ukatili wa mtawala na ajali pamoja, na kwa vyote viwili hatoi sababu. Anawataka walio hai watubu. Marafiki wa Ayubu nao walifaa kwa siku saba walizokaa naye kimya; walipoanza kufafanua ndipo walipoharibu. Mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia wao, na Ayubu aliyelalamika ndiye anayeambiwa amenena yaliyo sawa.

Hapo ndipo imani ya Kikristo inaposimama imara zaidi. Haina maelezo ya kila kifo, ila inamhubiri Mungu aliyeuawa na watu siku moja baada ya Alhamisi kama ile. Kwa hiyo kanisa linaloomboleza kwa sauti, likisoma hata Zaburi ya 88 inayoishia gizani, halijapungukiwa imani.

Nalo halilii peke yake. Desemba 2015, basi liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi akiwakinga, akafariki Januari 2016. Wakristo wanaouliza Mungu alikuwa wapi siku hizo wanapaswa kulitaja jina la Farah pia, na makala yanayofuata yanaanza na swali ambalo tendo lake linaliachia kanisa la Kaskazini Mashariki: kama Mungu huwakinga watu kwa mikono ya watu, Mkristo wa Garissa leo anamkinga nani?