Ukurasa Uliopotea na Adabu ya Ofisi

Mfanyabiashara wa Keroka, mji wa mpakani ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimewahi kuugombania kwa ajili ya ushuru wake, akitaka fomu ya leseni hana budi kwanza kuyakinisha duka lake liko upande gani, kisha aitafute tovuti ya upande huo, kisha abonyeze kiungo alichotumiwa na mwenziwe kwa WhatsApp tangu mwaka jana. Na baada ya taabu yote hiyo si ajabu akakutana na ukurasa mweupe wenye nambari 404 na maneno machache ya Kiingereza, usio na nembo, wala jina la ofisi, wala nambari ya simu, wala dalili yoyote ya kumjulisha kama aliyekosea ni yeye au ni serikali.

Kwa kanuni za mitambo, aliyekosea ni yeye. Katika itifaki ya HTTP, iliyoasisiwa na Tim Berners-Lee alipokuwa CERN huko Geneva, majibu yote yanayoanza na tarakimu 4 huhesabiwa kuwa ni kosa la muombaji, na yale yanayoanza na 5 ndiyo kosa la mtambo unaoombwa. Lakini Berners-Lee huyo huyo aliandika mwaka 1998 kwamba anwani njema haibadiliki, na kwamba inapobadilika, lawama ni ya mwenye kuibadilisha. Na mimi, kwa insafu, naona hukumu hiyo ya pili ndiyo inayotufaa.

Kwani anwani za huku kwetu hazifi zenyewe. Mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa yalifutwa mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi. Tangu hapo idara huunganishwa na kutenganishwa, na utawala mpya aghalabu hutamani tovuti mpya yenye rangi zake, ilhali tangazo la basari lililobandikwa ukutani kwenye ofisi ya wadi, na lile la zabuni lililochapwa gazetini, yanaendelea kuwaelekeza watu kule kule kwa kale.

Ofisi ikihama ghorofa, karani hubandika karatasi mlangoni: tumehamia chumba fulani, ukikwama piga simu nambari hii. Ndiyo adabu ninayoiomba, wala siombi zaidi. Ukurasa wa hitilafu uwe na nembo ya kaunti, ili mtu ajue hajapotelea kwa matapeli wanaotangaza kazi zisizokuwapo. Uwe na sentensi moja ya kutaka radhi kwa Kiswahili na nyingine kwa Ekegusii, maadam Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya inaitaka dola iziendeleze lugha za wenyeji. Uwe na kisanduku cha kutafutia, na viungo vichache vya yale yanayotafutwa zaidi, yaani basari, leseni, zabuni na nafasi za kazi. Na kwa ajili ya watu wa Keroka, ukurasa wa Kisii uwe na kiungo cha Nyamira, na wa Nyamira uwe na cha Kisii, hata kama mabwana wakubwa hawajapatana kuhusu mpaka. Picha ya gavana si lazima. Anayefungua ukurasa huo anatumia bando lake mwenyewe, naye hakuja kumtazama mtu.

Wako wanaodhani wameitatua kadhia hii kwa kumrudisha kila aliyepotea kwenye ukurasa wa mwanzo, bila kumwambia neno. Huko ni kumzungusha mtu tu. Wengine hutengeneza ukurasa wa kupendeza sana, lakini chini kwa chini mtambo wao hujibu 200, maana yake ombi limefanikiwa, hata Google ikadanganyika kwamba hati ipo, ikaendelea kuwapeleka watu mahali pasipo kitu. Mapambo yasifute ukweli: ukurasa useme 404, na kama hati imeondolewa kwa makusudi useme 410, na iliyohamishwa tu ipewe 301, nambari inayompeleka msomaji moja kwa moja kwenye anwani mpya. Hizi si kazi za gharama. Katika mitambo inayotumia programu ya Apache, kuutaja ukurasa wa hitilafu ni mstari mmoja tu, na kijana yeyote aliyesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Kisii anaweza kuuandika.

Atakuwapo wa kuniambia kwamba heri viungo vitengenezwe kuliko kupamba msiba. Kweli, na Ibara ya 35 ya Katiba pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 hazitimizwi kwa kutaka radhi. Ila ipo faida ambayo wakubwa wetu hughafilika nayo: mtambo ukiwekwa sawa huandika katika daftari lake kila anwani iliyoombwa ikakosekana, pamoja na saa yake, na mara nyingi pia mahali muombaji alikotokea. Karani akilisoma daftari hilo kila Ijumaa, atakuta fomu ya basari imeombwa mara nyingi kwa anwani ile ile mbovu, naye ataweza kuirekebisha siku hiyo hiyo, kabla ya muda wa kupokea maombi kwisha.