Mfuko wa Muhogo Usipokewe kwa Jina Tu

Wakulima wa muhogo kutoka Kilifi na Kwale wanaofika ofisini kwetu hapa Kisiwani Mombasa wameanza kuuliza swali moja. Wamesikia kwamba siku hizi muhogo waweza kufanywa mifuko mfano wa ile ya nailoni, na kwamba mifuko hiyo ikitupwa huoza. Waliyosikia ni kweli. Huko Bali, katika nchi ya Indonesia, iko kampuni iitwayo Avani inayouza mifuko ya wanga wa muhogo, na Italia kampuni ya Novamont imefanya ya wanga wa mahindi kwa miaka mingi. Basi wauliza: Je, tupande? Mimi ni karani, si Bwana Shamba. Lakini nilisomea ualimu, na mwalimu hutakiwa kulipima jambo kabla ya kulifundisha. Maoni yangu ni haya.

Kila mmoja wetu ajua kwa nini mfuko wa nailoni uliondolewa. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 ni kosa katika Kenya kuufanya, kuuza au kuutumia, na faini yake ni shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Wengine walisema ni ukali kupita kiasi. Lakini katika machinjio ya Nairobi walionekana ng'ombe wenye mifuko hata 20 tumboni, na sisi wa Mji wa Kale twakumbuka jinsi mvua za mwaka zilivyokuwa zikikuta mifereji imezibwa. Mimi siilaumu sheria ile. Ninalouliza ni kama huu mfuko mpya ni dawa, au ni jina jipya tu.

Kuufahamu si kazi ngumu, kwani wanga twaujua. Mama zetu hukuna muhogo, huukamua katika maji, huyaacha maji yatulie, na ule weupe unaobaki chini ndio wanga wa kutia katika kanzu. Ukiupika wanga huo pamoja na maji na gliserini kidogo, kisha ukaumwaga juu ya bati na kuuacha ukauke, utapata ngozi nyembamba unayoweza kuona upande wa pili. Hiyo ni plastiki ya muhogo. Bila gliserini huvunjika kama papadi. Na kila aliyenyeshewa akienda msikitini Ijumaa ajua hali ya kanzu yenye wanga ikipata maji: hulegea yote. Mfuko wa wanga mtupu nao ni hivyo hivyo. Tia samaki wa kutoka Bandari ya Kale, na kabla hujafika nyumbani samaki wako chini. Kwa hiyo viwanda huuchanganya wanga na plastiki nyingine laini, ambayo vijidudu vyaweza kuila, lakini mara nyingi plastiki hiyo hutokana na mafuta ya petroli. Iko na aina nyingine ambayo wanga wake umechachushwa na kugeuzwa kabisa, hata ukidondosha aidini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, haitageuka kuwa ya buluu nyeusi kama inavyogeuka juu ya kipande cha muhogo. Basi asije mtu akakuambia mfuko wake ni muhogo mtupu.

Sasa neno hili "huoza". Huoza wapi? Katika Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, wataalamu walichukua mifuko ya namna mbali mbali, wakaiweka mingine baharini, mingine udongoni, na mingine hewani, na mwaka 2019 wakatangaza waliyoyaona. Mfuko mmoja ulioandikwa kwamba unaoza ulikaa miaka 3 udongoni na baharini, na bado uliweza kubeba vitu vya dukani. Mwingine, wa namna ya kufanyiwa mboji, ulitoweka baharini kwa miezi 3, lakini udongoni ulionekana hata baada ya miezi 27, ingawa haukuweza tena kubeba mzigo.

Mimi nami nilijaribu kwa njia ya kiskuli. Mchuuzi mmoja alituletea mfuko wenye alama ya jani la kijani. Niliukata nusu mbili. Nusu moja niliifukia katika chungu cha maua dirishani pangu Mji wa Kale, na nusu ya pili mkulima mmoja wa ng'ambo ya Mtwapa akaitia katikati ya biwi lake la mboji, lenye samadi ya ng'ombe na majani mabichi. Baada ya miezi 3 tuliona ya kwake imebaki vipande vichache vya ukubwa wa ukucha. Ya kwangu niliikung'uta mchanga, na bado ningeweza kuisoma ile alama ya jani. Mfuko ni mmoja. Tofauti ilikuwa joto, maji na vijidudu.

Kwa hiyo nasema mfuko huu usipewe kazi ya mfuko wa nailoni. Shangazi yangu, ambaye hajakosa kwenda Marikiti hata juma moja, aliposikia habari zake alinicheka. "Mwanangu," akasema, "kikapu changu kina miaka sita. Wao wataka ninunue mfuko kila siku ili uoze?" Sikuwa na jibu, na sasa sitafuti. Kwa kubebea vitu vya sokoni, kikapu cha ukindu kimeushinda, na pakacha la makuti likichakaa hutupwa shambani bila kuhitaji wataalamu.

Lakini kikapu hakibebi maganda na matumbo ya samaki. Hapo ndipo ninapouona mfuko wa wanga kuwa na faida, na faida hiyo ni ya mkulima kuliko ya mtu wa mjini. Kila siku Kisiwa hiki hutupa maganda ya ndizi, maembe, mihogo na madafu, mboga zilizonyauka na makombo ya hoteli. Hicho ni chakula cha udongo, na mchanga wetu wa pwani una njaa. Nacho huenda jaani Mwakirunge kimechanganyika na plastiki. Namjua mkulima aliyepokea lori la taka za soko kwa ajili ya mbolea. Alikaa siku nne na watoto wake wakiokota vipande vya nailoni katika matuta ya mchicha, na hata leo jembe huviibua. Tangu hapo hataki kusikia habari ya mbolea ya mjini, wala simlaumu.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na mwezi wa Aprili 2024 NEMA ilitoa tangazo kwamba zile zinazooza zitiwe katika mifuko inayooza yenyewe. Wako walionung'unika juu ya bei, na ni kweli bei yake ni kubwa kuliko ya nailoni. Hata hivyo mfuko wa namna hii ukijazwa maganda huweza kutupwa katika biwi pamoja na yaliyomo, bila mtu kuupasua wala kuokota. Kwa kazi hiyo moja mimi naukubali, na ningependa kuona hoteli na wauza matunda wa Marikiti wakianza nao.

Nirudi kwa swali la kupanda. Katika kilo 100 za muhogo mbichi mna wanga wa kilo 20 hadi 30 tu, nao muhogo ukishang'olewa huharibika kwa siku 2 au 3. Kama mashine ya kusagia haiko karibu na shamba, mali yako itaozea njiani kabla ya kuwa mfuko. Usipande kwa ajili ya mifuko mpaka mnunuzi awe amekuja mwenyewe na karatasi yenye bei na tarehe. Kwa sasa panda wa kula na wa kuuza: Kibandameno hauna shida ya mnunuzi, na kituo cha utafiti cha KALRO pale Mtwapa kimetoa mbegu kama Tajirika na Karembo. Hizo waweza kuzila kiwanda kisipokuja.

Na ukiletewa taka za mjini katika mifuko ya wanga, chomeka nondo katikati ya biwi lako, uiache dakika kumi. Ikitoka na moto wa kukufanya uiachilie, changanya mifuko humo. Ikitoka baridi, biwi halijawa tayari: ongeza samadi na maji, uligeuze, ungoje.