KUFUGA SISIMIZI NI JAMBO MOJA, KUUZA MALKIA WAO NI JAMBO JINGINE



Ndugu zangu katika imani, vijana wa hapa Muheza wameniuliza swali ambalo wengine watalicheka. Wameona mtandaoni kwamba Ulaya watu wanafuga sisimizi ndani ya visanduku vya kioo, na malkia mmoja wa aina kubwa ya Afrika hufika pauni 100 na zaidi. Wanauliza: kufuga kunafaa? Na sisi tukiwachimba tukawauza, ni riziki halali?

Kufuga kwenyewe si haramu. Mtoto Abu Umayr alikuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali alimliwaza kilipokufa. Lakini mnamjua yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaingia motoni. Basi ukimfungia kiumbe, chakula chake na maji yake vipo shingoni mwako, hata akiwa mdogo kama sisimizi.

Sasa tuje kwenye biashara. Mwaka 2025 nchini Kenya, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa kaunti ya Nakuru na sisimizi wapatao 5,000, wamewekwa kwenye vichupa vyembamba zaidi ya 2,200 vyenye pamba. Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja walikamatwa na wengine mamia. Tarehe 7 Mei mahakama ya Nairobi iliwahukumu wote wanne: kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 za Kenya au kifungo cha miezi 12.

Wapo waliosema, "Wadudu tu hao!" Hapo ndipo sikubaliani nao. Malkia ndiye anayetaga mayai ya kichuguu kizima. Ukimchukua, wafanyakazi waliobaki wanakufa mmoja mmoja bila wa kuwarithi. Ukimchukua kabla hajaanza kutaga, umeondoa kizazi ambacho bado hakijazaliwa. Na Allah (s.w.t.) ametufundisha katika Suratul An'aam kwamba wanyama ni umma kama sisi. Katika Suratun Naml akatueleza habari za chungu aliyewaonya wenzake wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Sulayman (a.s.). Naye Ibn Mas'ud anasimulia katika Sunan Abi Dawud safari ambayo Mtume (s.a.w.) aliamuru makinda ya ndege yarudishwe kwa mama yao, na akakemea kuchomwa moto kwa kijiji cha chungu. Hadithi ni moja, na mafunzo yote mawili yamo ndani yake.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema mdudu asiye na manfaa hauziki. Nyuki na nondo wa hariri wamevuliwa kwa sababu ya asali na hariri. Mtu akidai sisimizi ana manfaa, nitamwambia kweli, lakini manfaa yake yapo pale alipo. Maji moto mnaowalaani mkipanda minazi na michungwa ndio wanaokula wadudu wafyonzao nazi changa. Wale wa Kenya huvuna na kusambaza mbegu za nyasi. Manfaa hayo hayasafiri ndani ya kichupa. Tena hapa petu tuna Amani, msitu uliohifadhiwa kisheria tangu 1997. Anayetoa viumbe humo kwa siri bila kibali anaiba amana ya watu wote, na chumo la wizi halina baraka hata likija kwa pauni.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii:

1. Kijana, akija mgeni anakuomba umchimbie malkia, muulize kibali chake. Hana? Nenda ofisi ya maliasili ukatoe taarifa. Yeye ana tiketi ya ndege, wewe utabaki na kesi.

2. Mzazi, mtoto akipenda sisimizi usimpige. Mwekee chembe za sukari uani, kaeni mtazame wanavyobebeana. Hiyo ni tafakuri, nayo ni ibada.

3. Asiyewafuga asiwaue bila dhara. Mtume (s.a.w.) amekataza.

Allah atujaalie riziki safi na huruma kwa viumbe vyake. Amin.

Wallahu a'lam.