Mgawanyo wa Kesi Huanza Mikononi mwa Askari

Watu wengi hudhani kwamba haki huanza siku ile hakimu anapoketi kitini. La hasha. Huanza mapema zaidi, siku kesi inapopangiwa mahakama na mtu wa kuisikiliza. Mwenye uwezo wa kujichagulia hakimu amekwisha kujichagulia nusu ya hukumu. Kwa sababu hiyo Katiba ya Uganda ya 1995, katika kifungu cha 28, yampa kila mtu haki ya kusikilizwa na mahakama huru, isiyopendelea, iliyowekwa na sheria. Nchini Ujerumani, Katiba ya 1949 yakataza mtu yeyote kuondolewa mbele ya hakimu aliyewekewa na sheria, na kila mahakama hupanga mapema ni nani atakayesikiliza kesi zipi.

Katika Mahakama Kuu ya Mbarara, kugawa majalada ni kazi ya majaji na wasajili. Hata hivyo, askari asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Kabla jalada halijafika Mbarara, limekwisha kupita mikononi mwake.

Tutazame kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, iliyoanzishwa mwaka 1958 na ambayo leo ina zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Mahakama ya Isingiro iko mbali, mwendo wa kilomita 50 hivi, na nauli huwashinda wengi. Mwaka 2013 ilianzishwa mahakama ya kuhamahama, ambayo hakimu huifuata kambini. Hatua hiyo iliwasogezea wakimbizi haki. Lakini hakimu husikiliza kile tu alichopelekewa.

Chukua mfano wa mtoto aliyenajisiwa. Kwa sheria ya 2007, mtoto akiwa chini ya miaka 14, kosa huhesabiwa kuwa zito zaidi na kesi husikilizwa na Mahakama Kuu. Akiwa na miaka 14 au zaidi, lakini hajatimiza 18, kwa kawaida husikilizwa na hakimu mkuu wa mahakama ya chini. Mtoto mkimbizi mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Basi polisi akiandika 15 mahali pa 13, kwa uzembe au kwa bahasha aliyopenyezewa, amekwisha kuihamisha kesi. Hakuna jaji aliyeulizwa, wala hakuna atakayejua. Hapana budi umri uthibitishwe kwa kumbukumbu za uandikishaji wa wakimbizi na kwa uchunguzi wa daktari.

Kwa upande wa jeshi, swali ni lile lile. Tarehe 31 Januari 2025, Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Kabaziguruka, kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi kama zilivyokuwa kulikiuka Katiba. Mwaka huo huo Bunge lilibadili sheria na kuruhusu raia washtakiwe huko kwa mambo maalumu yaliyotajwa. Mjadala ungali mkali. Lakini katika hali yoyote, askari aliyegombana na mkulima juu ya shamba au ng'ombe hana ruhusa ya kumchagulia mkulima huyo mahakama.

Nchi hii imekwisha kuonja uchungu wa kinyume chake. Mwezi Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na askari katika Mahakama Kuu, Kampala, asirudi tena. Mwaka uliofuata amri ya serikali ya Amin iliwapeleka raia mbele ya mabaraza ya kijeshi. Askari wenyewe hawakusalimika katika utawala huo, kwani panapokosekana hakimu huru, hata mwenye bunduki hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo, afande, andika umri ulio wa kweli, taja kosa lililotendeka, peleka jalada panapostahili, na usimpigie simu karani kuuliza limeangukia kwa nani. Kesho mshtakiwa aweza kuwa wewe, nawe utataka hakimu ambaye adui yako hakumchagua.