"BURE" SIYO ZAWADI, MAMA (Sehemu ya 3)



Wiki iliyopita mliniuliza sana: "Nesi, mbona unasema uzazi ni bure, na sisi tunaambiwa twende na glovu?" Leo najibu, na najua kuna wenzangu kazini watanuna.

Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Haisemi bure ila uje na glovu, mpira wa kutandika, wembe na uzi wa kitovu. Lakini hata mimi nimeshawaambia wamama hivyohivyo, kwa mdomo wangu huu, kwa sababu kabati la leba lilikuwa tupu.

Kuna usiku mmoja siusahau. Mama alifika kutoka machimboni, uchungu umemuanza tangu jana yake. Kwa nini umechelewa? Mume alikuwa anazunguka kwenye maduara anakopa hela ya vifaa. Mtoto akazaliwa hapumui. Tukampa hewa kwa ambu mpaka akalia, Mungu mkubwa. Asubuhi yule mama akaniambia: "Hamna shida nesi, serikali imejitahidi."

Jamani, neno lile liliniuma kuliko ule usiku wenyewe.

Ndipo nikaelewa kuwa siasa hatufundishwi kwenye kampeni tu. Tunafundishwa dirishani pale kituoni. Ukiambiwa huduma ni hisani ya mkubwa, utapiga makofi ikija na utanyamaza isipokuja. Nani anadai zawadi? Na ukilipia mara tatu kitu ulichoambiwa ni bure, unajifunza lingine: maneno yao ni maneno tu, kikao cha nini, kura ya nini. Mmoja anashangilia, mwingine amekata tamaa, na wote wawili hawaulizi swali. Anayefaidi ni yule ambaye hakuulizwa.

Na sisi tumekalia dhahabu! Mgodi mkubwa wa Geita unachimba tangu 2000. Bulyanhulu iko hapo Kahama. Kampuni zinatakiwa kulipa halmashauri ushuru wa huduma, unaokatwa kwenye mauzo. Tangu Sheria ya Madini ibadilishwe 2017, mwenye leseni anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na halmashauri ndiyo inaupitisha. Sheria hiyohiyo inaitaka halmashauri iwaelimishe wananchi kuhusu miradi hiyo. Wewe umeelimishwa lini? Nani alikuuliza kama kijiji chenu kinataka geti la mapambo au vifaa vya kujifungulia?

Najua mtasema nesi kaingia siasa. Simpigii mtu kampeni, na chama chako sikiulizi. Nauliza glovu ziko wapi. Kama hiyo ni siasa, basi na uchungu wa uzazi ni siasa.

Sasa tufanyeje? Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Tunawaachia wanaume, au tunakaa nyuma na watoto mgongoni bila kusema neno. Safari hii nendeni watatu wanne pamoja. Mmoja asimame aulize: mapato na matumizi yako wapi? Zahanati yetu imetengewa kiasi gani cha vifaa vya uzazi? Hakikisheni mtendaji anaandika swali kwenye muhtasari. Swali la mdomo linasahaulika, lililoandikwa linarudi kikao kijacho.

Na ukifika leba ukaambiwa ununue, uliza kwa upole: "Nesi, sera inasemaje?" Hata kama nesi mwenyewe ni mimi. Sitanuna.

Ila hili nalisema kama nesi wako: uchungu ukianza, NJOO. Usisubiri hela ya glovu. Kudai tutadai baadaye, mtoto akiwa anapumua.

Sehemu ya 4 tutaongea habari ya bima. Mtumie mama mwenzako asome.